Mstari wa Chaki ya Buluu

Inspekta aliikuta karakana imefunguliwa nusu. Lango lake la chuma liliachwa wazi kwa upana wa mtu mmoja tu, kama watu wanavyoacha mlango wa nyumba yenye msiba: hawasemi karibuni, wala hawasemi rudini mlikotoka. Alisimama kizingitini, akaomba kimoyomoyo lile ombi lake fupi ambalo hakuwahi kuliruka kila alipoingia mahali palipofia mtu, kisha akapita. Koplo akamfuata, jalada kwapani.

"Afande, mkuu amesisitiza," Koplo alisema kwa sauti ya chini. "Saa nane mchana mtuhumiwa apelekwe mahakamani. Akishapelekwa, safari ya kesho ya kwenda kuzika haioni."

"Nimesikia."

"Namkumbusha tu afande."

"Umenikumbusha langoni, umenikumbusha kwenye gari, na jana ulinikumbusha nikinywa chai. Sasa nisomee tulichonacho."

Koplo akafungua jalada. Walichokuwa nacho kilikuwa kifupi na kizito. Fundi Mkuu, mwenye karakana hii ya kutengeneza vitu vya zinki, alikuwa ameinama juu ya meza ya kupashia mabamba moto. Juu ya meza hiyo palining'inia rafu iliyojaa kalibu za chuma. Rafu ilishikwa na mikanda miwili, mmoja kila upande. Mkanda wa kushoto ukakatika, rafu ikapinduka, na kalibu zikamwangukia shingoni. Ndani walikuwa wawili tu, yeye na mdogo wake wa tumbo moja, ambaye watu walimwita Nyundo kwa sababu ya mikono yake mifupi, minene. Jioni iliyotangulia ndugu hao walisikika wakigombana mpaka nje ya geti. Mikanda ya rafu ilijulikana kuwa ya chuma, lakini uliokatika ulikuwa wa zinki na kingo zake zilikuwa na alama za tupa. Na ndani ya mfuko wa Nyundo ilikutwa tupa yenye unga wa zinki kwenye meno yake.

"Hiyo ndiyo kesi," Koplo alisema. "Alibadilisha mkanda, akaulegeza kwa tupa, akasubiri."

"Inapendeza," Inspekta alijibu. "Kama shati la dukani. Tuone kama linamtosha mwenyewe."

Mtu mmoja mrefu, mwembamba, alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa karibu na meza, mikono imelala magotini kama vitu vilivyosahauliwa. Alipowaona akasimama, na ikachukua muda kumaliza kusimama.

"Wewe ndiye Msumari, mlehemu?"

"Ndiyo, mama. Ndilo jina la kazini."

"Pole kwa msiba."

"Tumeshapoa. Tufanyeje?"

Inspekta akatoa kwenye mfuko wa ushahidi vile vipande viwili vya mkanda uliokatika, akavilaza mezani. "Nifundishe zinki, ndugu yangu. Nifundishe kama mtu aliyekuja leo kuomba kazi."

"Aliyekuja leo tunampa ufagio."

Koplo alicheka, akakumbuka yuko wapi, akaugeuza mcheko kuwa kikohozi. Msumari mwenyewe hakucheka. Alilipapasa bamba moja la kijivu lililoegemea ukuta.

"Zinki ina adabu zake," alisema. "Asubuhi ya baridi ukiikunja kwa pupa, inapasuka kama biskuti. Ndiyo maana ya hii meza. Tunaipasha mpaka ukitupia tone la maji liruke. Hapo inakunjika kama ngozi. Ukizidisha moto, inarudia ukaidi wake, inamomonyoka. Baridi haitaki, na moto wa kupita kiasi haitaki. Kama mama mkwe."

"Na hii mistari myembamba?"

"Nyuzi. Bamba linapopita kwenye rola linavutwa, linapata nyuzi kama ubao. Mkunjo ukikatisha nyuzi, bamba linavumilia. Mkunjo ukifuata nyuzi, linafunguka pale pale kwenye kona."

Inspekta akavaa miwani, akainamia vipande vile. Sehemu ya juu ya mkanda ilikuwa imekunjwa kama ndoano ili ishike boriti. Aliufuata mkunjo kwa ukucha, halafu akazifuata nyuzi.

"Huu umekunjwaje?"

Msumari akainama kuangalia. "Umekatisha nyuzi."

"Yaani aliyeukunja alifanya inavyotakiwa."

"Ndiyo."

"Na hizi alama za tupa?"

"Kila kitu humu kina alama za tupa, mama. Bamba likishakatwa linabaki na meno. Tunalipitisha tupa lisikate watu, na ufa usipate pa kuanzia."

Inspekta alimgeukia Koplo. "Chukua mfereji wowote ule, uangalie kingo."

Koplo akauendea mrundo wa mifereji ya mvua uliosubiri wateja. Aliinua mmoja, wa pili, wa tatu, akaurudisha wa tatu taratibu zaidi ya wa kwanza. "Yote imepigwa tupa, afande."

"Basi mwuaji wetu ni mtu wa ajabu. Anataka mkanda ukatike, ila anaukunja kwa upande usiopasuka, kisha anaunyoosha kingo ufa usipate pa kuanzia." Alivua miwani. "Na mahali ulipokatika, Msumari? Hapa si kwenye mkunjo. Ni katikati, palipo bapa."

Msumari alikichukua kipande, akakisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Mahali palipokatika mkanda ulikuwa umekonda, umekuwa mwembamba kama ulimi wa mbuzi. Tundu la skrubu, ambalo keekee huwa inatoboa duara, lilikuwa limerefuka kama yai.

"Hii haikukatwa," alisema polepole. "Hii ilivutika."

"Endelea."

"Zipo zinki mbili humu. Ngumu, iliyochanganywa na shaba kidogo na titani chembe tu, ni ya mifereji, mapaa, na kila kinachobeba. Hiyo unaitundika leo, wajukuu zako wanaikuta ilipo. Nyingine ni laini, haina mchanganyiko wa maana. Ni ya kutandika ndani ya majeneza yanayosafirishwa mbali, kwa sababu inakubali kona na inashika lehemu vizuri. Ila hiyo ukiitundikia mzigo, haikatiki leo wala kesho. Inakwenda kidogo kidogo, huioni. Joto linaiharakisha." Aliinua macho kwenye boriti iliyo juu kabisa ya meza ya moto. "Inazeeka, mama. Ndivyo naweza kusema."

Mkanda wa kulia, nao pia wa zinki, ulikuwa bado unaning'inia hapo juu. Inspekta alimwomba Koplo apande ngazi aushushe. Ukutani, kwenye msumari, kilining'inia kigezo cha bati ambacho mikanda yote ya karakana hupimiwa kabla ya kukatwa. Waliviweka sambamba, kigezo na mkanda. Mkanda ulikipita kigezo kwa upana wa kidole.

Inspekta akausogelea ukuta ulipokuwa umegusana na rafu. Masizi ya miaka mingi yalikuwa yamechora mstari mweusi mahali rafu ilipokaa zamani. Chini ya mstari huo palikuwa na mkwaruzo, mahali ubao ulipokuwa ukiusugua ukuta ukishuka. Lakini mkwaruzo haukuwa mpya. Sehemu yake ya juu ilikuwa imeshavaa masizi mapya, ya katikati masizi haba, na ya chini kabisa ndiyo ilikuwa nyeupe.

"Koplo, Nyundo alifika lini kwa kaka yake?"

"Wiki iliyopita, afande."

"Na hii rafu ilianza kushuka lini, Msumari?"

"Hiyo..." Msumari aliyapima masizi kwa macho. "Hiyo ni miezi. Nane, labda zaidi."

"Nanyi mnapita chini yake kila siku."

"Kitu kinachoshuka chembe kwa chembe, mama, nani anakiona? Hata mtoto wako humwoni akikua." Alirudi kuketi kwenye ndoo yake. "Lakini mimi nilichosikia nilikisikia. Nyundo alimwambia kaka yake, 'Utakufa nao moyo huo wako.' Nitaapa popote."

* * *

Nyundo aliletwa kutoka mahabusu akaketishwa upande wa pili wa meza. Macho yake yalikuwa mekundu. Alikuwa hajala; sahani ilirudishwa kama ilivyokwenda.

"Tupa ni ya nani?" Inspekta alianza.

"Ya marehemu baba. Kaka alinipa siku niliyofika. Alisema yeye ana nyingi, na mimi sina kitu cha baba. Huo unga wa zinki unaouona ulikuwamo tangu sijaota meno."

"Mligombania nini?"

"Mama."

"Eleza."

"Nilitaka nimchukue aje akae kwangu. Miguu yake imechoka, na humo karakanani ni moshi wa lehemu kutwa nzima. Kaka akasema mama hatoki hapa, akiondoka mikono itamfia. Nikamwambia ana moyo mgumu, atakufa nao." Alizifumba zile ngumi zake fupi, akazifumbua. "Nilisema hivyo. Msumari hakudanganya."

"Ile asubuhi mlikuwa mnafanya nini?"

"Tulisalimiana kama hakuna kilichotokea. Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Akaniambia, 'Njoo nikuonyeshe kama bado unajua kukunja.' Akaweka bamba mezani. Akainama kulipima moto."

Inspekta alimwacha mpaka pumzi yake ilipotulia. "Kabla ya wiki iliyopita, ulifika lini nyumbani?"

"Mvua za mwaka jana. Mama aliugua."

Koplo, aliyekuwa akiandika, aliinua kalamu. Inspekta hakumtazama.

"Rafu ilishikwa na nini wakati huo?"

"Chuma. Nakumbuka kwa sababu mama alikuwa akiilalamikia. Mvuke wa asidi ya kulehemia ulikuwa unakila kile chuma, kutu inadondokea vitambaa vyake vya majeneza. Alisema maiti hawezi kulazwa kwenye madoa."

"Unaelewa unachoniambia? Miezi ile ndiyo mikanda ilipobadilishwa. Ungesema hukufika, ingekusaidia."

"Kaka yangu amekufa, Inspekta. Niongezee na uongo?"

Alipoinuliwa kurudishwa ndani, aligeuka mlangoni. "Nitamzika?"

"Sijui bado," Inspekta alisema, kwa sababu hakuwa na desturi ya kumdanganya mtu aliyemweleza kweli.

Mkuu wa kituo alisikiliza habari ya nyuzi, ya kigezo, ya masizi ukutani, yote, akichezea kifuniko cha kalamu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mashauri mengi na muda mchache.

"Umefanya kazi nzuri," alisema. "Umenithibitishia kwamba mkanda uliwekwa miezi mingi nyuma. Na umenithibitishia kwamba miezi hiyo mtuhumiwa alikuwa pale pale. Kikulacho ki nguoni mwako, Inspekta."

"Aliyeukunja alikuwa anataka udumu, mkuu."

"Basi aliyeukunja ni marehemu mwenyewe. Nakubali. Lakini fundi aliyekula chumvi na zinki maisha yake yote, atatundika rafu ya kalibu za chuma kichwani pake kwa zinki ya majeneza? Kwa kujua? Hapana. Kuna mtu alimtilia mkononi. Nitajie mtu huyo, au nieleze kosa hilo lilitokeaje, nami namwachia ndugu yake leo hii akazike. Ukikosa, saa nane gari linaondoka."

Inspekta alitoka akasimama uani, mgongo ukiwa ukutani. Alimkumbuka Msumari akisema zinki mbili. Lakini mabamba yote aliyoyaona pale yalikuwa na rangi moja, kijivu kile kile, na unene mmoja. Mafundi wenyewe walizitenganishaje? Hilo hakuliuliza.

"Koplo, tunarudi."

* * *

Safari hii Msumari hakuwapo mbele. Kutoka chumba cha nyuma ilisikika sauti ya mkasi ukipita kwenye kitambaa, na chini ya mkasi sauti ya mtu akisali polepole, bila kusimama, kama anayepanga vitu vyake mwenyewe.

Mama wa marehemu alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya jeneza lililo wazi juu ya viunzi viwili. Alikuwa mwanamke mwenye mwili mdogo na mikono mikubwa, ya kazi. Zinki ilikuwa imeshatandikwa chini na ubavuni kwa upande mmoja. Mabamba mengine mawili yalisubiri ukutani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Usiniombe msamaha kwa kunikuta kazini. Huyu ni wangu. Nimewatandikia wa watu tangu mume wangu yu hai, nije kumwachia wangu mgeni?"

"Anakwenda mbali?"

"Kwao, kwa baba yake. Mwendo wa siku mbili. Ndiyo maana lazima zinki, na lazima ilehemiwe kila kona." Akanyanyua uso. "Mdogo wake ndiye wa kulehemu. Sisi kwetu ndugu ndiye anayefunga. Utanipa mwanangu?"

"Nimekuja kwa ajili hiyo, mama. Nikuulize maneno mawili?"

"Uliza kumi. Nilijaliwa watoto wawili. Mmoja amelala huko hospitali, na mwingine mnasema ndiye aliyemlaza. Mtu akiwa amebakiwa na hivyo, ataficha nini?"

Inspekta akavuta kigoda kingine, akaketi chini ya usawa wa macho ya mama. "Mikanda ya rafu. Nani aliyeomba ibadilishwe?"

"Mimi. Kutu ilikuwa inaniharibia vitambaa. Nikamwambia mwanangu, hiki chuma kinatoa machozi mekundu, nitolee. Hakunibishia. Huyo hakuwahi kunibishia. Jioni ile ile akaweka ya zinki, akaniita, 'Njoo mama uone, hii hailii.'" Akaushika mkasi kwa nguvu, kisha akaulegeza. "Mdogo wake alikuwa nje na Msumari wanapakia mifereji. Hakugusa kitu."

"Bamba la ile mikanda alilitoa wapi?"

"Mkanda ule ni mwembamba, mwanangu. Nani atakata bamba zima kwa ajili ya mkanda? Alichagua kwenye pipa la vipande."

Pipa lilikuwa pale pale, karibu na goti lake, limejaa vipande vya kijivu. Inspekta alichukua kimoja, akakigeuza, akachukua kingine. "Na anajuaje kipi kigumu na kipi laini? Kwangu vyote ni ndugu."

"Kwa chaki. Laini imechorwa mstari wa buluu ukingoni, urefu wote, kutoka mwanzo wa bamba hadi mwisho, ili kila utepe unaopunguzwa utoke na alama yake. Ngumu haina kitu. Wakati wa kukunja hawawezi kujua, kwa sababu ikiwa moto zote zinanyenyekea. Hiyo ni sheria ya baba yao. Aliiweka kabla hata ya hiyo meza."

Alisema hayo akiwa anafanya kazi, kwa maana mikono yake haikuwa imejifunza kungoja mdomo. Alivuta bamba moja ukutani, akalilaza magotini. Mstari wa buluu ulipita kando ya ukingo wake, mnyoofu. Mama alitia kitambaa kwenye bakuli la maji, akakikamua, akaufuta mstari ule mkono mmoja, toka mwanzo hadi mwisho. Kisha akachukua mkasi wa bati, akapunguza ukingo, na utepe mrefu wa zinki ukaanguka kwenye pipa. Ulikuwa mtupu. Haukuwa na alama yoyote.

Inspekta aliutazama ule utepe. Koplo, mlangoni, naye aliutazama.

"Mama," Inspekta alisema, na sauti yake ilikuwa ya chini kuliko alivyokusudia, "huwa unaufuta?"

"Siku zote. Chaki inatia rangi kitambaa. Na mtu akilala kwa mara ya mwisho alale pasafi, si juu ya maandishi ya karakana." Alikuwa ameshaanza kupima kona. "Namuombea kila mmoja nikiwa nafuta. Ni..."

Mkono ulisimama kwenye kona.

Kwa miaka yake yote ya kazi alikuwa ameona watu wakifika kwenye kweli kwa kusukumwa, kwa kutishwa, kwa kuchoka. Huyu alifika mwenyewe, kwa miguu yake. Macho yake yalikwenda kwenye utepe, yakapanda kwenye pipa, yakatoka nje ya mlango mpaka kwenye boriti juu ya meza ya moto, yakarudi.

"Kwanza nafuta," mama alisema. "Halafu ndio nakata."

"Ndiyo, mama."

"Na vipande naviweka humu."

"Ndiyo."

"Yeye akija hapa akiona kipande hakina mstari, atajua ni kigumu."

"Mama, hakuna aliye..."

"Usinipoze, mwanangu. Nimewapoza wengi, nayajua hayo maneno." Alikichukua kitambaa, akakiweka pembeni ya bakuli, akakikunja mara mbili, akakinyoosha kingo. "Mume wangu alikuwa hai nilipoanza kufuta. Hakuna aliyeniambia usifute. Sheria ya mstari naijua kwa moyo, ila sikuwahi kuiunganisha na kitambaa changu. Vipande vingi huwa vinakwenda kuyeyushwa tena."

Nje kulipita gari, likaenda zake. Inspekta alikuwa ameshika kalamu bila kuandika. Alijua kwamba maelezo ya Msumari, kigezo na masizi havitamtosha mkuu wa kituo. Alijua pia kinachomtosha. Kilikuwa mbele yake, kimekunjwa mara mbili kando ya bakuli la maji.

"Ukiandika, mdogo wake atatoka?" mama aliuliza.

"Atatoka. Hilo silo kosa la jinai, mama, si lako wala la mtu yeyote. Litaandikwa kuwa ni ajali. Lakini lazima lisemwe lilivyotokea, na lazima lisemwe na wewe."

"Leo?"

"Kabla ya saa nane."

Mama akajifuta mikono kwenye kanga yake, kidole kimoja kimoja. "Andika basi. Andika kwamba mama yake ndiye aliyefuta."

"Nitaandika kwamba alama zilikuwa zinafutwa kabla bamba halijakatwa, na kwamba hakuna aliyejua athari yake."

"Andika na nani alikuwa anafuta. Huyo aliyebaki asije akatazamwa kwa jicho la pembeni maisha yake yote, watu wakisema aliachiwa kwa huruma. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, Inspekta. Nao huu niachie mimi, mimi ni mtu mzima."

Inspekta akaandika. Alimsomea kila sentensi, na mama akasahihisha mbili: jina la dawa ya kulehemia, na mahali alipoandika "mara nyingi". "Siku zote," mama alisema. "Si mara nyingi." Kisha akaweka sahihi yake, herufi kubwa, zilizoachana, kama watu waliokaa kwenye benchi wasiojuana.

"Koplo, peleka. Usisimame njiani."

"Na mkuu akiuliza swali?"

"Mwambie kosa limeelezwa humo. Kigezo na mikanda nitamletea mwenyewe. Kisha umlete Nyundo hapa hapa."

Koplo akafikia mlango, akasita. Alirudi hatua moja, akavua kofia. "Pole sana, mama." Kisha akaondoka karibu mbio.

"Mwenzako huyu ana moyo," mama alisema.

"Anao. Anauficha kwenye jalada."

Walikaa. Inspekta alimshikia mama upande mmoja wa bamba akilikunja ubavuni mwa jeneza, na mama akamwelekeza: si hapo, juu kidogo, usilazimishe, liache lenyewe lifuate. Zinki ile laini ilitoa mlio mdogo ilipopinda, mlio wa kukwaruza, kama jino likisaga jino.

"Siku zote inalia hivyo?" Inspekta aliuliza.

"Hii laini, ikikunjwa bila moto, ndiyo. Ngumu hailii." Mama akalainisha kona kwa gumba. "Masikini. Aliniita nije nione zinki ile hailii. Alidhani ni ngumu."

Baada ya muda akasema tena, "Nitamwambia mwenyewe. Usimwambie wewe."

"Sitamwambia."

Nyundo aliingia bila kubisha, akiwa bado na viatu visivyo na kamba, jinsi walivyomtoa mahabusu. Alipiga magoti mbele ya kigoda cha mama yake, akaweka paji lake la uso kwenye mapaja yake. Mama akamshika kisogo kwa mikono yote miwili, wakakaa hivyo mpaka pumzi zao zikawa moja. Inspekta alijitafutia kazi dirishani.

"Umekula?" mama aliuliza hatimaye.

"Hapana."

"Utakula tukimaliza. Msumari ameshapasha chuma cha kulehemia. Kuna kona nne na mfuniko, nataka zisipitishe hata pumzi. Baadaye tuna maneno, mimi na wewe. Leo, kabla hatujalala."

"Maneno gani, mama?"

"Ya kwetu. Nipe hilo bamba la mwisho."

Nyundo akasimama, akalileta bamba la mfuniko, akalilaza magotini pa mama. Lilikuwa bamba kubwa, safi, na mstari wa buluu ulilipitia kutoka kichwani hadi miguuni. Mama alikichukua kitambaa, akakitia majini, akakikamua. Akaanza kusali kama kawaida yake. Mkono ukasogea mpaka juu ya mstari, ukasimama hapo, matone yakidondoka.

Akakirudisha kitambaa kwenye bakuli.

"Hufuti, mama?" Nyundo aliuliza.

"Hapana," alisema. "Huyu mwache aende na mstari wake."